Bure ya Nani?

Shosho alizikwa 2021, ule wakati mazishi yalikuwa na watu wachache kaburini na wengi kwa simu. Tulilipa kijana mmoja mwenye kamera na modemu mbili, akarusha ibada laivu YouTube, na binamu zangu walioko Qatar na Marekani wakalia pamoja nasi. Guka peke yake ndiye hakuona kitu. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, miwani mkononi, na anasema siku hiyo haikumbuki hata kidogo.

Mwaka jana akaniambia, "Niletee ile siku niione."

Guka anaishi Nyandarua, mahali ambapo mtandao hupatikana ukipanda mpaka kwa geti ya shule ya msingi, na hata hapo ni bahati. Kumtumia linki ni kumtania. Ilibidi video yenyewe ifike ndani ya simu yake na ikae. Najua YouTube wana kitufe chao cha kupakua. Lakini unachokipakua hapo hakitoki ndani ya programu yao, na lazima simu irudi mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hakifunguki. Guka apande mlima kila mwezi kuomba ruhusa ya kuona mazishi ya mkewe? Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza.

Kwa hivyo nikafanya kile wengi wetu hufanya: nikatafuta kitu cha bure. Play Store huzifukuza programu za kupakua video za YouTube, basi unaishia kwa tovuti fulani yenye vitufe vitano vya kijani, vinne vya uongo. Nikabahatisha. Programu ikashuka, nikaifungua, nayo ikaanza kuomba. Inataka kuona picha zangu. Ruhusu. Inataka majina ya watu walio kwa simu yangu. Ruhusu. Inataka kusoma meseji. Hapo nikasita kidogo, halafu nikabonyeza, kwa sababu Guka alikuwa anangoja na mimi sikuwa nalipa chochote. Video ilikuja bila sauti. Kuanzia usiku ule simu ikawa inawaka yenyewe saa tisa, ikinionyesha matangazo ya kamari.

Rafiki yangu mmoja anayeandika programu aliichukua ile simu, akaifuta yote, kisha akaniuliza swali ambalo bado linanikereketa: "Hayo majina mia sita ulipeana, kwani yalikuwa yako?"

Fikiria ni nani wako mle ndani. Landilodi. Pasta. Mtu niliyeachana naye vibaya. Guka mwenyewe. Halafu meseji za M-Pesa za miaka minne: nani nilimtumia, ngapi, lini. Kuna rafiki niliyemsaidia bili ya hospitali akaniomba nisimwambie mtu, na sijawahi kumwambia mtu, ila nilikuwa nimeifungulia mlango programu nisiyojua mwenyewe ni nani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka video. Tukibishana kuhusu kupakua, kawaida tunauliza kama tunamwibia msanii au YouTube. Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini mimi nilikuwa nimeshalipa kwa mali ya watu wengine kabla sijafika hapo, na nikaiita bure.

Kiswahili kilishatatua jambo linalowasumbua Waingereza. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, watu wa upande wake wamelazimika kueleza tena na tena kwamba neno lao la Kiingereza halizungumzii bei, linazungumzia uhuru: kuitumia programu utakavyo, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, kuwagawia wengine. Sisi tuna bure na tuna huru, na hatuchanganyi. Hiyo bure yenyewe tayari imebeba onyo. Kuna kazi bure. Kuna mtu bure kabisa.

Rafiki yangu alinionyesha yt-dlp. Haina sura. Ni skrini nyeusi kwa laptopu. Unaandika jina lake, unabandika linki, unabonyeza. Ukitaka picha ndogo ya 360 ili itoshe kwa memori kadi, unaiambia. Haikuulizi wewe ni nani. Ilizaliwa kutoka youtube-dl, iliyoanza 2006, ambayo Oktoba 2020 iliondolewa GitHub baada ya barua ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, kisha Novemba ikarudishwa baada ya mawakili wa EFF kuitetea. Msimbo wake siwezi kuusoma. Mimi nilisomea uhasibu. Lakini uko wazi kwa wanaoweza. Ni kama kula chapati kwa kibanda ambacho jiko liko mbele ya wateja: wewe hujui kupika, ila wanaojua wako kwa foleni na wewe. Na hata hii ina mlipaji. YouTube wakibadilisha kitu kidogo, kuna watu mahali wanajitolea usiku kuitengeneza tena. Tofauti ni kwamba hao waliamua wenyewe.

Sasa, chombo safi hakisafishi kitendo. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua nje ya kitufe chao, kwa hivyo kwao nilikosea mara zote mbili. Ya Shosho hainisumbui. Nilimpigia yule kijana wa kamera akacheka: "Boss, si mlinilipa? Hiyo ni yenu."

Lakini ukishajua ile skrini nyeusi, kidole kinawasha. Wiki hiyo hiyo nilipakua masomo arobaini ya mwalimu mmoja wa hesabu, Mkenya, kwa ajili ya dadangu aliye kidato cha nne. Mwalimu huyo hupata senti zake kwa matangazo, na dadangu akitazama akiwa nje ya mtandao, mwalimu hapati hata ndururu. Najitetea hivi: bando ya kurudia masomo hayo mara tatu tatu ingekula nauli ya mtoto. Ni utetezi wenye nguvu, na sitaukana. Ila ni uleule niliotumia nikibonyeza ruhusu, kwamba nina mtu wangu anangoja. Nilimtumia mwalimu mia mbili kwa namba aliyoweka chini ya video zake, nikajisikia vizuri kupita thamani ya hiyo mia mbili. (Na flashi yangu bado ina series niliyowekewa River Road, kwa hivyo nisijifanye mtakatifu.)

Nilimpelekea Guka memori kadi Desemba. Tulikaa jikoni, simu imeegemezwa kwa chupa ya chai. Alitazama dakika kama ishirini bila neno. Kamera ikaenda mstari wa mbele, ikamkuta yeye, ikabaki hapo muda mrefu sana. Analia mdomo wazi. Sikuwa nakumbuka hiyo sehemu.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

"Kwa mtandao, Guka. YouTube."

"Kwa hivyo watu wengine pia wananiona hivi?"

Ilikuwa imetazamwa mara mia tisa na kitu. Nilimweleza. Alinyamaza, akakunja leso yake mara nne, akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Nilitoka nje, nikapanda mpaka kwa geti ya shule, nikampigia kijana wa kamera. Jioni hiyo akaiondoa.

Niliporudi Guka alikuwa bado hapo jikoni, amevaa miwani.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale kwa wimbo."