Chumvi ya Kupeleka Ivuna

Usiku wa kuamkia safari, sebule ya dada yangu pale Tunduma haikuwa na pa kukanyaga. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametandika mkeka na kupanga juu yake kila alichoona kitatufaa kwa siku nne za kupiga kambi bonde la Rukwa: hema, turubai, mablanketi, vyandarua, jiko la gesi na mtungi wake mdogo, jiko la mkaa endapo gesi itaisha, sufuria nne zilizovalishana, panga, kamba, taa ya sola, viti viwili vya kukunja, dumu la lita 20, mchele, unga, maharage, sukari, majani ya chai na pakiti mbili za chumvi. Tulikuwa watu wanne. Gari la rafiki yangu lingetufikisha Ivuna, na kutoka hapo kuelekea ziwani tungetembea.

"Mjomba," akaniambia, "bora kibaki kuliko kikosekane."

Sikuwa na jibu la haraka, maana hata mimi nimelelewa hivyo. Akiba haiozi. Mama yangu hakuwahi kutoka nyumbani bila kitenge cha ziada, na mara ngapi kitenge hicho kimegeuka mbeleko, kata, pazia au shuka ya mgonjwa! Isitoshe, njia yetu ilikuwa njia ya majira mawili kwa siku moja. Mwezi wa saba, usiku wa Mbozi unauma. Watu wa Vwawa na Mlowo hujifunika makoti na mablanketi mpaka jua lipande juu ya mibuni. Ukiacha nyanda hizo za juu na kuteremka kuelekea Ziwa Rukwa, joto linakupokea kabla hujamaliza mteremko, na jioni mbu nao wanafika. Blanketi lina haki ya kuwemo, na chandarua vivyo hivyo. Tatizo la mkeka ule ni kwamba kila kitu kilichokuwa juu yake kilikuwa na hoja.

Nikatoka nje kupunga upepo. Tunduma usiku ni mji wa malori. Yamepanga foleni kuelekea Nakonde, yamebeba mbolea, mafuta, magari, na mengine yanarudi na shaba ya Zambia na Kongo yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Kando ya lori moja dereva na utingo wake walikuwa wanachemsha chai, nikawasalimu, nikakaribishwa. Boksi la vyombo vyao lilikuwa wazi ubavuni mwa tela. Ndani mlikuwa na sufuria mbili, kisu, ubao wa kukatia nyanya, dawa za malaria na za tumbo, basi. Unga hawakuubeba safarini, walikuwa wameununua jioni ile pale pale. Lakini matairi ya akiba walikuwa nayo mawili, pamoja na mikanda ya injini na vifaa vingine vizito ambavyo sikuvijua. Nikamuuliza dereva kwa nini achukue vitu vizito hivyo na aache unga. Akanijibu kwamba unga upo kwa watu njia nzima, ila tairi la saizi yake likipasuka porini hakuna mwanakijiji wa kumpa.

Nilirudi ndani na neno hilo, na limekaa nami hadi leo. Yule dereva hakuanza kwa kujiuliza anataka kuwa na nini. Alianza na watu walio njiani: wana nini, na hawana nini.

Kwa malori hesabu ya uzito imeshaandikwa katika sheria. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki lori lenye ekseli saba halitakiwi kuzidi tani 56, na mizani ya barabarani ipo kuhakikisha. Kichwa cha mtu hakikuwahi kupata mizani ya aina hiyo. Katika misafara ya karne ya 19 mzigo wa mpagazi ulizoeleka kuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, nao ulibebwa miezi kutoka pwani hadi bara na kurudi na pembe za ndovu. Wanyamwezi waliufanya upagazi kuwa sifa ya mwanamume, na kazi yao nzito nyuma ya safari za wageni maarufu inastahili heshima kuliko inayopewa. Tunayakumbuka majina ya waliotembea mbele mikono mitupu. Waliotembea nyuma na masanduku ya vitabu, viti, meza na mvinyo wa bwana hatuna majina yao ila wachache, kama Susi na Chuma, waliopeleka maiti ya Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, kati ya mwaka 1873 na 1874.

Sehemu yetu hii ya mpakani ina kumbukumbu yake chungu zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi yalipita na kurudi hapa. Kituo cha Waingereza cha Fife kilikuwa ng'ambo tu ya mpaka, si mbali na Nakonde, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikishambulia Novemba 1918, wiki chache kabla ya kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Risasi, unga na dawa za majeshi hayo vilikwenda kwa vichwa vya watu. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tenga-tenga. Dar es Salaam jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, limebaki sokoni Kariakoo. Piga hesabu iliyowatesa mabwana wa vita: mtu amebeba kilo 27, naye anahitaji kama kilo moja ya chakula kwa siku. Akila kutoka katika mzigo wake mwenyewe, siku ya 27 amebaki na gunia tupu, na kama anatakiwa kurudi, basi nusu ya siku hizo ndiyo mwisho wa kufaa kwake. Ili kumlisha alitakiwa mtu mwingine nyuma yake, na mwingine nyuma ya huyo. Kwa hesabu zinazotajwa mara nyingi, wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yake, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Siwezi kusikia neno "vifaa" vya kijeshi bila kuwaona watu hao.

Mkeka wa mpwa wangu haukuwa vita. Hata hivyo nina sababu yangu ya kuyachukulia mambo haya kwa uzito. Miaka mingi iliyopita nilikwenda na wenzangu kupiga kambi kwenye miteremko ya Ileje. Tulikodi vijana wawili wa kijijini watubebee. Katika begi langu niliweka vitabu vinne, viatu vya pili, kimeza cha kukunja, na makopo ya nyama ambayo sikuwa na shida nayo. Kijana aliyelibeba alipolitua, bega lake lilikuwa na alama ya mkanda. Kwa siku tatu begi lile lilifunguliwa mara moja tu, kutoa kitabu ambacho sikukisoma. Siku ya kurudi alilipandisha mlima lile lile, zito vile vile. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Kaka, humu mna nini?" Nikamwambia vitu vya safari. Tulimlipa tulichopatana, naye akashukuru, lakini nilijua kwamba nusu ya jasho lake nililinunua bure. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Begi langu lilikuwa usufi kwangu kwa sababu sikuligusa njia nzima.

Tangu hapo nimejifunza kwamba mzigo hautoweki kwa kuuacha nyumbani. Mara nyingi huhama. Ndiyo maana sikubaliani moja kwa moja na wale wanaosifu kusafiri mikono mitupu kana kwamba wepesi wenyewe ni utu. Ukienda bila maji ukisema utayakuta huko, kuna mama ataamka alfajiri kwenda kisimani mara mbili badala ya mara moja. Ukienda bila dawa, ukiugua wenyeji watatoa za mtoto wao. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na swali ni kichwa cha nani. Kinyume chake pia kipo. Anayekuja na kila kitu anamwambia mwenyeji, bila kufungua mdomo, kwamba hamhitaji. Kijiji kizima kinamwona amekaa kwenye kiti chake, anakula mchele wake, ananywa chai ya maji yake, na hakuna hata mtoto wa kutumwa kwake na bakuli la karanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji ataponaje kwa mgeni asiyepungukiwa?

Basi tulikaa chini, mpwa wangu na mimi, tukapitia mkeka upya. Kila tulichotaka kukiacha tulijiuliza nani atakibeba badala yetu. Kila tulichotaka kukichukua tulijiuliza tunakwepa mkono wa nani. Viti vikatoka, jiko la mkaa likatoka. Mchele ukatoka, maana tulikuwa tunakwenda Momba, iliko Ivuna, kwenye mpunga. Dumu, ambalo kijana alikuwa tayari kuliacha kwa uzito wake, nikasema lazima liende, na kwamba yeye ndiye atakayelijaza. Dawa, chandarua na taa vikabaki bila mjadala. Pakiti za chumvi ziliteleza katikati ya sukari na majani ya chai, hatukuziona usiku ule.

Asubuhi tulipitia Ndolezi kukiangalia Kimondo cha Mbozi. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16, chuma karibu asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9, na kimelala pale kilipoangukia miaka isiyojulikana, kabla hakijaingia katika vitabu vya kitaalamu mwaka 1930. Mpwa wangu alikizunguka mara tatu akikipapasa. Nikamwambia kwamba mkoa wetu una kimondo cha pili, na kwamba tunakwenda kulala karibu na kilipoangukia. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilidondoka Ivuna, la gramu 705 tu, chini ya pakiti moja ya sukari. Kwa wanasayansi jiwe hilo dogo lina thamani ya pekee, kwani mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana mno na ule wa Jua lenyewe, na mawe ya aina yake hayazidi machache duniani. Wajapani walipotuma chombo cha Hayabusa2 kwenye sayari ndogo ya Ryugu, kilileta duniani Desemba 2020, baada ya miaka sita, gramu zipatazo tano za udongo. Walipozichunguza waliona zinafanana sana na jiwe la Ivuna. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama hao nao walikuwa wamepanga mkeka.

Ivuna tulifika kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, kama inavyopasa, naye akatuelekeza pembezoni mwa boma la mama mmoja wa makamo, palipokuwa na mti wa kivuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, tueni mizigo."

Tulipofungua vyakula ndipo pakiti za chumvi zilipojitokeza. Mama akaziokota, akazigeuza mkononi.

"Wanangu, chumvi mmeileta huku Ivuna?"

Hakutucheka. Alikaa akatueleza kwamba babu zake walichemsha maji ya chumvi ya ardhi ile, na watu walitoka mbali na jembe, nguo na kuku kuja kuibadilisha. Wanaakiolojia waliochimba Ivuna wamekuta mabaki ya kazi hiyo tangu karne ya 13 hivi. Nilihisi uzito wa zile pakiti mbili kuliko mzigo wote. Jioni alituazima sufuria kubwa, akatuletea kambale na chumvi yake mwenyewe, na tukala pamoja, sisi na wajukuu zake, kwenye sinia moja.

Alfajiri nilimsikia mpwa wangu akitoka hemani. Alikwenda kisimani na wale wajukuu, akarudi na dumu begani, shati limelowa, akamimina nusu kwenye mtungi wa mama kabla hajatumiminia sisi. Alifanya hivyo siku zote bila kuambiwa. Siku ya mwisho aliniuliza pembeni kama dumu linaweza kubaki. Likabaki.

Tulipokuwa tunafunga hema, mama alituletea fuko la mchele, kilo tano hivi, umepepetwa vizuri, wa kumpelekea dada yangu asiyemfahamu. Nilianza kusema kwamba ni mwingi, akanikatiza kwa mkono. Gari lilipopanda kutoka bondeni na baridi ya Mbozi kuanza kuingia madirishani, niligeuka nyuma. Mpwa wangu alikuwa amelala, amelipakata lile fuko mapajani. Wakati wa kuondoka tulimwambia aliweke huko nyuma pamoja na mizigo mingine, hakukubali.