Milki na Dhamana: Suala la Maadili katika Ukusanyaji wa Nembo za Vijana wa Hitler

Miongoni mwa vitu vya Vita Vikuu vya Pili vinavyotafutwa na wakusanyaji ni nembo za sare za Hitlerjugend, yaani Vijana wa Hitler: beji ya umbo la almasi yenye rangi nyekundu na nyeupe, kitambaa cha mkononi, na kisu kilichochorwa maneno "Damu na Heshima". Swali linalozuka ni hili: je, kumiliki ishara ya uovu ni kushiriki katika uovu huo?

Wapo wanaojibu kwamba kitu hakina dhambi. Dhambi ni ya mtu. Hoja hii ina uzito, ila inasahau kuwa nembo, kama lilivyo neno, haina maana nje ya jamii iliyoiafiki. Sheria ya Desemba 1936 iliwaweka vijana wa Ujerumani chini ya jumuiya hiyo, na kanuni za Machi 1939 zikaufanya uanachama kuwa lazima kuanzia miaka 10 hadi 18. Beji, basi, ilimtangazia mtoto yeye ni nani kabla hajafikia umri wa kujiuliza. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo yenyewe ndiyo iliyomla aliyeivaa. Mwaka 1944 wavulana wa miaka 16 waliitwa katika jeshi la mgambo, Volkssturm. Mwaka huohuo, askari wa divisheni ya SS iliyobeba jina la Hitlerjugend, wengi wao wakiwa wametoka katika jumuiya hiyo, waliwaua mateka wa Kanada huko Normandy. Mvaaji aweza kuwa mhasiriwa na mkosaji kwa pamoja.

Hapo ndipo utata ulipo. Mkusanyaji stadi huigeuza beji na kusoma nyuma yake alama ya RZM, ofisi ya chama cha Nazi iliyowapa watengenezaji idhini, ili apambanue halisi na bandia. Usomaji huo ni wa makini, lakini umekomea kwenye umbo. Unafanana na uhakiki unaohesabu mizani na vina bila kuuliza shairi linamsifu nani. Soko nalo aghalabu huithamini beji isiyovaliwa kuliko iliyochakaa. Yaani, kadiri mtoto anavyotoweka, ndivyo bei inavyopanda.

Je, nembo hizi ziteketezwe? La hasha. Kuteketeza ushahidi ni kumtua mkosaji mzigo wake. Sheria ya jinai ya Ujerumani, kifungu cha 86a, hupiga marufuku kuonyesha hadharani nembo za aina hii, lakini huruhusu zitumiwe kwa elimu, utafiti na sanaa. Mpaka uliowekwa hapo haumo katika kitu bali katika dhamira ya matumizi.

Hapana budi, kwa hiyo, kutofautisha milki na dhamana. Mwenye milki huuliza kitu kina thamani gani. Mwenye dhamana huuliza kilimfanya nini aliyekivaa, na aliyekivaa aliwafanya nini wengine. Mkusanyaji anayehifadhi pamoja na beji habari za umri wa mvaaji, mji wake na hatima yake, ametunza ushahidi. Asiyefanya hivyo amebaki na pambo, na pambo la aina hii huendelea kusema lile lililotengenezwa liseme.