Jirani wa Mashine Ana Haki Gani?

Mwenye mashine ya kusaga akishatimiza kipimo cha serikali, je, amemaliza haki ya jirani yake? Swali hili nimelibeba muhula mzima. Chumba ninachopanga kimepakana na mashine ya posho, na mwenye mashine ni mzee mwema tunayeswali naye safu moja.

Tuanze na sheria. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 zinapima sauti kwa desibeli na kugawa maeneo. Hospitali na vyuo vikuu vimewekewa 45 mchana na 35 usiku. Nyumba za kuishi 50 na 35. Lakini nyumba zilizochanganyika na viwanda vidogo na biashara zinavumilishwa 60 mchana na 50 usiku. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huwa mara 10. Basi tofauti ya 15 usiku ni zaidi ya mara 30.

Ndugu zangu, nani anaishi kwenye mchanganyiko huo? Ni fundi, mchuuzi, na mwanafunzi anayetafuta kodi nafuu. Je, mtoto wa fundi ana masikio tofauti?

Siilaumu sheria kwa kuchora mstari. Bila mashine hakuna posho, na bila kipimo ofisa angeamua kwa chuki au kwa bahasha. Ila mstari unaonyesha adhabu inapoanzia tu. Haujasema wema unaishia wapi.

Wanachuoni wetu walilijua jambo hili kabla ya desibeli. Katika karne ya 14, Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis, alieleza namna ya kupima madhara ya kinu: karatasi inafungwa nyuzi kwenye pembe nne, inaning'inizwa darini, na juu yake zinawekwa punje kavu za giligilani. Kinu kikizunguka na punje zikatikisika, mwenye kinu huambiwa akiondoe. Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, anampa mwenye mali nafasi kubwa zaidi. Katika Minhaj anaipa uzito kauli inayomruhusu mtu kugeuza duka lake kati ya wauza nguo kuwa karakana ya mhunzi, mradi achukue tahadhari na aimarishe kuta.

Wanatofautiana nani ashinde, lakini hakuna aliyemwacha mwenye mashine akae tu. Mmoja anapima kinachomfikia jirani. Mwingine anataka ukuta uimarishwe kwanza. Mtume (s.a.w.) naye alimkanushia imani mtu ambaye jirani yake hana amani na shari zake, na hakutaja kiwango.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Aliyetimiza kipimo amesalimika na faini, na bado ana deni la kwenda upande wa pili wa ukuta asikilize. Saiklensa ya injini, mpira chini ya mashine, kusaga kabla ya Isha: haya hayahitaji ofisa. Na jirani naye akumbuke kwamba anakula unga uleule. Aombe kwa adabu, akubali bei ikipanda kidogo.

Hili linatuhusu nasi tunaowasha jenereta umeme ukikatika usiku wa tarawehe. Kabla ya takbira, mmoja wetu azunguke nyuma akaone bomba lake limeelekea dirisha la nani.

Wallahu a'lam.