Kola ya Shati

Je, mtu mzima aliyelipa nauli yake mwenyewe, aliye mapumzikoni, asiye na mkuu wa kazi wala mkwe wa kumtazama, anadaiwa na nani nguo atakazovaa anapokwenda kula chakula cha jioni? Swali hili laonekana dogo, na wapo watakaofunga ukurasa papo hapo kwa kudhani kwamba mwalimu mzee amekosa la kuandika. Lakini nimeona watu wazima, wenye elimu zao, wakinuniana kwa ajili yake, tena mahali palipojengwa mahsusi ili watu wasinuniane, yaani ndani ya meli ya kitalii. Ndiyo maana nimeichagua meli. Nchi kavu mavazi yetu huamuliwa na kazi, dini, majirani na mashemeji. Melini hayo yote huachwa bandarini, na swali hubaki peke yake kama chungwa lililomenywa.

Safari za namna hii si jambo la jana. Mwaka 1891 Albert Ballin wa kampuni ya Hamburg-Amerika aliipeleka meli yake Augusta Victoria katika Bahari ya Mediterania wakati wa baridi, msimu ambao abiria wa kuvuka Atlantiki walikuwa wachache, ikiwa imebeba watu waliokwenda kutembea tu na kurudi. Katika miongo iliyofuata, abiria wa daraja la kwanza katika meli kubwa walikula chakula cha usiku wakiwa wamevaa kama waendao harusini: wanaume suti nyeusi, wanawake magauni marefu. Chini, katika daraja la tatu, hakuna aliyeulizwa amevaa nini. Hapo nguo ilikuwa ukuta, na waliokuwa juu walijua hivyo, na waliokuwa chini pia. Hata hivyo, katika desturi hizo za zamani iko moja ninayoipenda. Usiku wa kwanza na usiku wa mwisho wa safari hakuna aliyelazimishwa kuvaa rasmi, kwa sababu usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, na usiku wa mwisho yalikuwa yamekwisha kufungwa. Kanuni ile ilijua sababu yake, na sababu ilipokosekana ilikaa kando. Natamani kanuni nyingi za shule nilizopata kuzisimamia zingekuwa na akili hiyo.

Kisha mambo yalilegea. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza utaratibu wa abiria kula saa waitakayo, na wamtakaye, bila kulazimishwa suti. Wengine walifuata, kila mmoja kwa kiasi chake. Kampuni ya Cunard, ambayo meli yake Queen Mary 2 ilianza safari mwaka 2004, bado ina usiku wa mavazi rasmi, lakini hata huko huo ni usiku mmoja mmoja tu. Jioni nyingi zilizobaki huitwa jioni za kawaida. Na hapa, msomaji wangu, ndipo penye shida. Usiku wa suti hauna fumbo: suti nyeusi ni suti nyeusi, na asiyekuwa nayo anajua kwamba hana. Neno linalotutega ni hilo la kawaida.

Binti yetu anayeishi Uingereza alitulipia mimi na mama watoto safari ya siku saba kutoka Southampton hadi kwenye zile ghuba nyembamba za Norwei, ambako bahari huingia katikati ya milima kama mto. Mengi ningeweza kusimulia juu ya milima ile, lakini leo nazungumza juu ya mashati. Kila jioni tuliletewa kabini karatasi yenye ratiba ya kesho yake, na chini kabisa yaliandikwa mavazi ya usiku kwa maneno mawili, ambayo nilimfasiria mama watoto kuwa ni kawaida nadhifu. Akaniuliza, "Baba, nadhifu si safi? Au ni kitu kingine?" Nikamjibu kwamba kwa Waingereza ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa safi kama maji ya kisima na bado asiwe nadhifu.

Maana yake tuliipata mlangoni mwa ukumbi wa chakula, wala si kwenye karatasi. Mwanamume awe na suruali ndefu, viatu vya kufunika na shati lenye kola. Mwanamke avae gauni, au sketi, au suruali isiyochakaa. Kaptura, singlendi, kandambili na nguo za kuogelea zilikatazwa. Asiyetaka hayo alikuwa huru kupanda ghorofa ya juu penye bufee, akajipakulia mwenyewe na kula amevaa apendavyo. Kwangu mimi hapakuwa na taabu. Nilikuwa nimechukua suti yangu ya Kaunda ya kijivu, na msimamizi wa ukumbi aliipokea kwa tabasamu. Vazi hilohilo, mwezi Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge kuingia nalo ukumbini. Meli ya Wazungu iliniona nimevaa; Bunge la Nairobi, nusu siku tu kwa basi kutoka kwangu, lingeniona sijavaa. Sisemi hivi kwa kumlaumu Spika. Kila nyumba ina mwenyewe. Nasema tu kwamba heshima haikushonwa ndani ya kitambaa, huwekwa na anayekitazama.

Mezani petu tulikuwa watu sita, na mmoja wao alikuwa dereva wa basi mstaafu kutoka kaskazini ya Uingereza, mgane, aliyesafiri peke yake. Usiku wa kwanza mlango haukuwa mkali, tukala naye na kucheka naye. Siku ya pili alasiri nilimkuta katika chumba cha kufulia nguo. Melini pasi haziruhusiwi kabini kwa hofu ya moto, kwa hiyo wenye kupiga pasi hukutana hapo, na ni mahali pazuri pa kujuana kuliko baa. Alikuwa akinyosha jezi ya timu yake ya mpira. Aliinyosha kwa uangalifu sana, mikono kwanza, kisha mgongo, akaitundika. Saa mbili usiku alifika nayo mlangoni, suruali ndefu, viatu vinang'aa, nywele zimechanwa. Msimamizi akamwinamia na kumnong'oneza. Sikusikia neno, ila nilimwona mzee yule akijitazama kifuani, kisha akageuka na kwenda zake kwenye lifti.

Pale mezani mjadala ulianza kabla supu haijafika. Bwana mmoja akasema sheria ni sheria. Mkewe akaongeza kwa upole kabisa, "Alipaswa kujua." Kauli ya bwana sikuijali, maana ni ya kila siku. Kauli ya mkewe ndiyo iliyonikaa rohoni. Alipaswa kujua kutoka wapi? Kijitabu alichopewa alipolipa nauli kiliandika kawaida, naye alifungasha mavazi yake ya kawaida. Duka la melini liliuza mashati yenye kola, kwa bei ya melini. Hilo lililopaswa kujulikana lilijulikana kwa wale tu waliolelewa nalo, ambao hawakumbuki siku waliyofundishwa.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na kitu nilichokuwa nikikikemea kuliko vyote katika maandalio yao ni agizo la "andika vizuri". Mtoto wa mwalimu mwenzetu anajua vizuri ni nini, kwa kuwa amekiona nyumbani. Mtoto wa mchunga mbuzi hajui, na atakapokosea ataambiwa kuwa hana akili, ilhali kilichokosekana ni maneno kumi ya mwalimu. Agizo lisilosema linachotaka ni mtihani uliotungwa kwa ajili ya waliokwisha kufaulu. Chuoni kwetu, wanachuo walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tuliwaandikia kila kitu: shati moja liwe safi, lenye kola, suruali au sketi ya rangi moja, viatu vya kufunika vidole. Wengine walikuwa na shati moja tu. Walilifua usiku na kulivaa likiwa bado na unyevu, lakini hakuna hata mmoja aliyefika shuleni akageuzwa kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Watetezi wa uhuru watasema: basi futeni kanuni zote, kila mtu avae atakavyo. Nimelifikiria shauri hilo na silikubali. Nilikuwa kijana wa shule mwaka 1968, TANU Youth League ilipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na wasichana wakazomewa na kusumbuliwa barabarani Dar es Salaam. Kwa hiyo sihitaji kufundishwa jinsi kanuni ya mavazi inavyoweza kugeuka kuwa fimbo ya wahuni. Lakini meza ya watu sita si barabara. Barabarani ukinichukiza nitavuka upande wa pili. Mezani nimefungwa nawe kwa saa nzima, uso kwa uso, na chakula kinywani. Anayesema "nimelipa" amelipia kitanda na chakula. Macho yangu hakuyalipia.

Tena yuko mtu wa saba pale mezani, ambaye wabishi wa pande zote mbili humsahau. Mhudumu wetu alitoka India. Alikuwa na mkataba wa miezi mingi mfululizo, na kila jioni, iwe ya kawaida au isiwe, alivaa koti lililofungwa vifungo hadi shingoni. Hakuna aliyemwandikia karatasi ya kuchagua. Mtu anayeketi na kaptura mbichi ya kuogelea, maji yanamtiririka kwenye kiti, ili ahudumiwe na binadamu aliyevaa hivyo, anamwambia jambo hata kama hafungui mdomo. Anamwambia: wewe si katika watu ninaojiandaa kwa ajili yao. Kwangu mimi deni lenyewe ndilo hilo. Kabla hujatoka kabini, uwe umewafikiria wengine, pamoja na yule atakayebeba sahani.

Sasa dereva wetu alikuwa amelilipa deni hilo kwa pasi, na akageuzwa. Bwana wa "sheria ni sheria" alikuwa na kola, na usiku uleule alimwita mhudumu kwa kupiga vidole kama aitaye paka. Je, msimamizi wa mlango aangalie moyo badala ya kola? La, hasha. Msimamizi akipewa kazi ya kupima mioyo ataipima kwa sura, kwa lafudhi na kwa rangi ya ngozi, na sitaki kufikiri mimi na mama watoto tungepata alama ngapi. Kola ina kasoro nyingi, lakini ni kipofu, haimjui anayeivaa. Mnyonge ana usalama zaidi mbele ya kanuni inayohesabu vifungo kuliko mbele ya hisani inayosoma nyuso, ila kanuni hiyo atangaziwe mapema, kabla sanduku halijafungwa.

Nalo tangazo peke yake halimalizi. Kuna migahawa ya zamani iliyoweka makoti na tai za kuazimisha karibu na mlango. Kule Istanbul, kwenye Msikiti wa Buluu, mgeni aliyefika kichwa wazi huazimwa mtandio, akaingia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, nao walikuwa na sababu, maana mwazima hukumbusha. Lakini nguo inayoazimwa na nyumba yenyewe, kwa kila mpungufu, bila kuulizwa jina, husitiri vizuri kabisa.

Nimeona pia upande mwingine wa jambo hili hapa pwani yetu. Meli hizi hufika Zanzibar, na abiria hushuka kutembea Mji Mkongwe. Wenyeji huomba mabega na magoti yafunikwe, na ombi hilo watembezaji hulirudia kila siku. Mtu ambaye usiku uliopita asingethubutu kukaribia ukumbi wa chakula bila kola hupita asubuhi mbele ya wazee wanaotoka msikitini akiwa nusu uchi, anapiga picha. Si kwamba hana adabu. Vichochoro vya Mji Mkongwe havina mlango wala msimamizi, naye amezoea kuidhani heshima kuwa ni kitu kinachokaa mlangoni. Mama watoto alikutana na kinyume cha hilo usiku wa mavazi rasmi. Kampuni kadhaa hulikubali vazi la kitaifa usiku huo, basi alivaa gauni lake refu la kitenge, na wanawake watano walilishika na kulisifu. Aliporudi kabini akaniambia, "Wamesifu kitambaa, hakuna aliyeniuliza jina."

Siku ya tatu tulipanda bufee, tukamkuta dereva dirishani, tukala naye. Alikuwa amevaa jezi ileile. Alituonyesha kwa kidole maporomoko ya maji upande wa pili wa ghuba na kueleza jinsi barabara za milimani zinavyochongwa, habari aliyoijua vyema kuliko mtu yeyote wa meza yetu ya chini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba angaliambiwa angalileta shati, analo, jeupe, la harusi ya mwanawe.

Kwa hiyo kama wenye meli wangeniuliza, ningewaomba karatasi moja tu, iende pamoja na tiketi, imeandikwa kama tulivyowaandikia wanachuo: suruali hii, shati hili, viatu hivi, saa fulani, ukumbi fulani, na sababu yake kwa sentensi moja. Mama watoto anasema waongeze na mashati machache ya kuazima karibu na mlango, na yawe makubwa, kwa maana watu wa melini hunenepa kufikia siku ya nne.