Deni, Daftari na Ukweli

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, 2 Wafalme 4:1–7, Nehemia 5:1–13, Mithali 6:1–5, Marko 7:9–13, Luka 16:1–8, Warumi 13:8.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi, baba wa watoto watatu, anayeongoza kikundi cha shule ya Sabato katika kanisa la mtaani kwake. Ibada ikiisha yeye hutokea mlango wa pembeni. Wageni hudhani ana haraka. Ukweli ni kwamba kwenye mlango mkubwa husimama dada mmoja wa kanisani aliyemkopesha shilingi 120,000 za ada ya mtoto mwezi wa Januari, na sasa ni Agosti. Dada huyo hajawahi kumdai. Humsalimu tu, "Sabato njema, mwalimu," na salamu hiyo humchoma kuliko simu zote anazopigiwa juma zima.

Na simu ni nyingi. Mkopo wa benki hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia, kwa hiyo huo haupigi simu. Lakini mwezi wa Februari mama yake alilazwa, akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao watu huita kausha damu, akachukua shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kadi yake ya benki na namba ya siri vikabaki kwa mkopeshaji. Halafu kuna shilingi 60,000 alizokopa kwenye programu ya simu, na shilingi 85,000 dukani kwa jirani: unga, sukari, sabuni. Mkewe anajua habari za dukani tu.

Swali la kwanza ambalo mtu wa namna hii hujiuliza usiku ni kama ametenda dhambi. Watu wengi kanisani wana jibu tayari, nalo ni kali: anayedaiwa ni mzembe au mpenda anasa. Biblia haina haraka hiyo. Soma 2 Wafalme 4:1–7. Mjane anayemlilia Elisha ni mke wa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Bwana, na mtu huyo amekufa akidaiwa kiasi kwamba mwia anakuja kuwachukua wana wake wawili wawe watumwa. Elisha hasemi neno hata moja la kumlaumu marehemu. Katika Nehemia sura ya 5 watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia anakasirika, lakini hasira yake haiwaendei waliokopa. Inawaendea wakuu waliokopesha kwa riba, na anakiri kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake wamewakopesha watu fedha na nafaka. Mwalimu aliyekopa ili mama yake atibiwe hana sababu ya kutubu kwa kumpenda mama yake.

Basi kosa linaanzia wapi? Tazama maneno yake. Kwa mwenye duka amesema, "Mshahara bado haujaingia," siku mbili baada ya kuingia. Kwa mkewe amesema mtandao wa benki unasumbua, ndiyo maana hana kadi. Kwa mtu wa programu ya simu amesema "kesho", naye alijua akilisema kwamba kesho hana kitu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo angeliita uongo kama angeulizwa. Kila moja lilikuwa njia ya kupita siku. Lakini kidogo kidogo amekuwa mtu ambaye ndiyo yake si ndiyo, na kila Sabato anasimama mbele ya watu kumi na wawili kufundisha.

Jambo ambalo wadaiwa wachache husema wazi ni kwamba mtu wa kwanza kudanganywa ni mdaiwa mwenyewe. Muulize mwalimu huyu anadaiwa jumla gani, atajibu, "Si haba." Hajui. Hajapiga hesabu kwa sababu anaogopa jumla yake, na kwa kuwa haijui, deni linaonekana kubwa usiku na dogo siku ya mshahara. Hapo ndipo daftari linapoingia. Watu hulisifu daftari la matumizi kwa kuwa linaokoa fedha, na ni kweli, lakini kazi yake ya kwanza ni nyingine: linamfanya mtu asiweze tena kujidai hajui. Yule wakili wa Luka 16 alikuwa mtu mbaya, na Yesu hakuficha ubaya wake. Hata hivyo, alipotakiwa kutoa hesabu, aliketi akajiuliza kwa uwazi ana nini, hawezi nini, na muda uliobaki ni kiasi gani. Waadilifu wengi hawajawahi kufika hapo.

Mwezi wa Septemba mwalimu alichukua daftari la mwanafunzi la mazoezi, akaandika kila shilingi iliyotoka. Mwezi huo hakubana kitu. Wengi hukosea hapa: huanza kwa kupanga bajeti kabla ya kuandika matumizi, na bajeti inayotoka kichwani ni bajeti ya mtu ambaye mwandishi anatamani kuwa, wala si ya yeye alivyo. Inavunjika siku ya tisa, naye anasema bajeti haziwafai watu maskini. Mwezi mmoja wa kuandika tu, bila kujihukumu, hutoa picha ambayo hakuna mahubiri yanayoweza kuitoa.

Picha yake ilikuwa hivi. Bando la simu la shilingi 1,000 kila siku: 30,000. Chai na vitafunio shuleni, 1,500 kwa siku 22 za kazi: 33,000. Bodaboda kwenda na kurudi, 2,000 kwa siku: 44,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu: 6,000. Jumla ni shilingi 113,000 kwa vitu ambavyo, kama angeulizwa mwezi mmoja nyuma, angeviita vitu vidogo. Hakuna hata kimoja kilicho cha anasa, na si haki kumwambia mtu anayetembea kilomita nyingi kwenda kazini kwamba bodaboda ni ufujaji. Hata hivyo, aliona kwamba jioni anaweza kurudi kwa miguu, kwamba chai ya chupa kutoka nyumbani inamgharimu theluthi moja, na kwamba bando la juma ni nafuu kuliko la siku. Zilipatikana shilingi 59,000.

Ukurasa wa pili ndio uliomtisha. Riba ya mkopeshaji ni shilingi 90,000 kila mwezi, na mkopeshaji hapokei mtaji nusunusu: ama zote 300,000 kwa mara moja, ama riba. Kuanzia Machi hadi Septemba alikuwa amelipa mara saba. Hizo ni shilingi 630,000, zaidi ya mara mbili ya alichokopa, na alikuwa bado anadaiwa 300,000 ileile. Asilimia husikika ndogo pale tu inapotajwa kwa mwezi. Nchini Kenya, M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayeuchukua upya kila mwezi analipa asilimia 90 kwa mwaka. Huyu wa mtaani anatoza asilimia 360.

Soma Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13. Torati haikumruhusu mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Wala hakuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa. Alipaswa kusimama nje aletewe. Kadi ya benki ya mtumishi ni jiwe lake la kusagia. Anayeishika pamoja na namba ya siri ameingia ndani ya nyumba akaketi jikoni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha nchini Tanzania awe na leseni, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kwa hiyo kabla mtu hajaweka kidole kwenye neno "kubali", ni busara aulize aliyeko upande wa pili ni nani. Na mshiriki wa kanisa anayekopesha kwa namna hii siku sita na kuimba siku ya saba asome Nehemia 5 peke yake, polepole.

Lakini daftari halikuweza kulipa 300,000. Ilimbidi mwalimu aseme. Usiku mmoja, watoto wamelala, aliliweka daftari mezani mbele ya mkewe, akakaa kimya. Mkewe alisoma kurasa zote mbili, akafunga, akasema, "Baba, kumbe ni hili? Mimi miezi yote hii nilidhani una mwanamke mwingine."

Hapo ndipo ubaya wa kuficha unapoonekana wazi. Alificha deni ili amkinge mkewe na wasiwasi, naye alikuwa akimpa wasiwasi mkubwa zaidi. Tena mkewe alikuwa na akiba ya shilingi 350,000 kwenye kikoba, ya kununulia cherehani, ambayo naye hakuwa ameitaja. Nyumba moja, madaftari mawili yaliyofichwa.

Je, ni halali kulipa deni kwa deni? Kwa kawaida ni kuhamisha moto kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Lakini hesabu ilisema hivi: kusubiri kikoba kivunjwe Desemba kungegharimu riba ya miezi mitatu, shilingi 270,000. Kukopa 300,000 kikobani sasa kungegharimu 30,000, na akiba ya mke ingeufuta mkopo huo Desemba. Wakakopa. Mkopeshaji akalipwa mtaji wake, kadi ikarudi, na siku hiyohiyo namba ya siri ikabadilishwa. Kisha mwalimu akaandika daftarini, chini ya majina mengine: mke wangu, 330,000. Mkewe alicheka. Yeye hakucheka, wala hakulifuta.

Sasa zilikuwepo shilingi 149,000 kila mwezi za kulipa: zile 90,000 za riba na 59,000 alizozibana. Nani alipwe kwanza? Washauri wa fedha hubishana hapa. Wengine husema lianze lenye riba kubwa, kwa kuwa ndilo linalokua. Wengine, deni dogo, ili mtu apate moyo. Zote ni shauri nzuri, na zote huacha kitu nje. Dada wa kanisani hatozi riba wala hapigi simu. Kwa hesabu ya riba, yeye ni wa mwisho; kwa hesabu ya kelele, hayumo kabisa. Karibu kila mdaiwa huwalipa kwanza wanaomtisha, na hivyo waliomtendea wema hubeba hasara ya wema wao. Warumi 13:8 haibagui kati ya mwia mkali na mwia mpole. Mwalimu alilipa programu ya simu na duka mwezi wa Oktoba, kwa kuwa programu ilikuwa inaongeza tozo na mwenye duka anaishi kwa mzunguko wa bidhaa zake. Lakini Sabato ya kwanza ya mwezi huohuo alitokea mlango mkubwa. Alimwambia yule dada kiasi anachodaiwa, tarehe atakayolipa, na kwamba amekuwa akimkwepa. Ndilo shauri la Mithali 6:1–5 kwa aliyenaswa: aende, anyenyekee, asisinzie. Dada alisema, "Nilijua, mwalimu. Nilikuwa nasubiri."

Palibaki mistari miwili migumu ya bajeti. Zaka haikuguswa. Zaka si sehemu ya mali ya mdaiwa ambayo anaweza kuwagawia wadai wake, na mkopo, kwa kuwa si ongezeko, hauhesabiwi zaka. Ahadi yake ya jengo la kanisa ilikuwa jambo lingine. Alikwenda kwa mhazini akaomba muda, kama anavyomwomba muda mwia yeyote. Yesu, katika Marko 7:9–13, aliwakemea waliotumia jina la Mungu kukwepa wajibu wao kwa wazazi. Mtu anayetoa sadaka kubwa mbele ya kusanyiko huku muuza duka akikosa mtaji ametoa cha muuza duka.

Mstari wa pili ulikuwa kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa binamu yake: shilingi 50,000. Mwaka uliotangulia angekopa azitoe. Safari hii alitoa 10,000, akaenda mwenyewe siku mbili kabla kusaidia kupanga viti. Wapo ndugu waliosema amekuwa bahili.

Kwenye karatasi, madeni yote, pamoja na la mke, yangekwisha kwa miezi minne. Novemba mtoto wa pili aliugua malaria, na Januari ni ada. Ilichukua miezi sita. Makato ya benki yanaendelea bado, na mstari wake upo juu ya kila ukurasa.

Maswali ya kujadili: Ndugu wa mwalimu huyu wanasema mchango wa harusi nao ni deni, kwa kuwa wao walimchangia yeye. Je, wana haki? Na kama dada wa kanisani angehitaji fedha zake mwezi Machi akanyamaza kwa aibu, kosa la kunyamaza huko lingekuwa la nani?