Nani Aliyemfungulia Mgeni Mlango?

Waandishi wa tarehe wamezoea kusema kwamba Ayalandi ilitiwa mikononi mwa Waingereza na mtu mmoja, Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Alipofukuzwa katika nchi yake mwaka 1166 alivuka bahari akamwendea Mfalme Henry wa Pili, na mwaka 1169 askari wa kigeni wakashuka pwani. Wako hata wanaomtwika lawama mwanamke, Derbforgaill, ambaye Diarmait alimtwaa kwa mumewe mwaka 1152. Hasira ya miaka 14! Mimi siamini.

Na tuitazame nyumba ya Ua Conchobair wa Connacht, iliyokuwa juu ya wote zama zile. Toirdelbach, aliyetawala tangu 1106 hata kufa kwake mwaka 1156, alikuwa hodari kweli kweli: alijenga madaraja na ngome, akaweka mashua za vita katika mto Shannon. Lakini kwa desturi yao kiti hakikuwa haki ya mwana wa kwanza. Kila mwana na ndugu wa damu ya kifalme aliweza kukitaka, na kipofu hakuweza kukikalia. Basi mwaka 1136 Toirdelbach alimpofua mwanawe Aed. Ruaidrí aliyemrithi naye akampofua nduguye. Bila shaka kila mmoja alisema ni kwa ajili ya amani ya nchi.

Ruaidrí akawa mfalme mkuu mwaka ule ule wa 1166, na kwa mapatano ya Windsor ya 1175 akakubali kuwa chini ya Henry. Miaka miwili baadaye, ni nani aliyewaongoza wageni kuingia Connacht? Si Diarmait, aliyekwisha kufa tangu 1171. Ni Murchad, mwana wa Ruaidrí mwenyewe! Alipokamatwa, akapofushwa. Mwana mwingine akamwondoa baba kitini, na mzee akafia katika nyumba ya watawa ya Cong mwaka 1198.

Simsafishi Diarmait, aliyefungua mlango amefungua. Lakini Murchad alifunzwa na nani kwamba ufalme hutafutwa kwa kumwangamiza jamaa, na kwamba msaada huchukuliwa popote unapopatikana? Mwaka 1235 ukoo wa de Burgh ulitwaa sehemu kubwa ya Connacht, na wazao wa Toirdelbach wakaendelea kugombea iliyobaki, hata mwaka 1384 wakagawanyika matawi mawili, kila moja na mfalme wake.