Karai la Maji ya Moto

Mombasa hakuna baridi ya kumgandisha mtu miguu. Hata Julai, kipupwe kikikolea na upepo wa kusi ukiingia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kutoka baharini, ni nadra joto kushuka mbali chini ya nyuzi 20. Mtu wa Limuru akishuka pwani mwezi huo huvua koti. Basi mkaazi wa kisiwani akilalamika usiku kucha kwamba nyayo zake ni barafu, na majirani zake wamelala na feni zinazunguka, tusiulaumu upepo. Baridi hiyo inatoka ndani ya mwili, na mara nyingi ni damu isiyofika. Nayasema haya mapema kwa sababu fundi ninayemsimulia aliamini kinyume chake, na wote waliompenda waliamini pamoja naye.

Alikuwa mshoni wa kanzu, akikaa kwenye kibaraza karibu na Ndia Kuu. Jina simpi. Kisa chake nimekisuka kutokana na mambo yanayowapata wazee wengi wa mji huu, na anayemjua mmoja wao atamtambua. Alishona kwa cherehani ya kukanyaga tangu ujana wake. Sigara nazo alianza ujanani, akisema zinamsaidia kukesha siku za mwisho za Ramadhani, wateja wanapojaa kutaka kanzu za Idi. Jioni alitafuna tambuu, na ndani yake lazima tumbaku. Hospitali walimwambia ana sukari. Vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya, akaviacha alipojisikia nafuu. Maradhi haya yanaweza kumla mtu miaka na yeye anajisikia nafuu.

Dalili ya kwanza ilimpata njiani. Kutoka kwake hadi Marikiti kununua nyuzi na vifungo ni mwendo mfupi, lakini alipofika nusu yake shavu la mguu wa kushoto lilimkaza hata hatua ikamshinda. Akisimama dakika mbili tatu, linaachia. Akianza tena, baada ya umbali ule ule linakaza tena. Hakumwambia mtu. Alichagua baraza za kusimama, akawaamkia waliokaa, akauliza habari za watoto na za safari, kisha akaendelea. Watu wakamsifu kwa uungwana, kumbe alikuwa akiungoja mguu umruhusu.

Daktari yeyote angesikia habari hiyo angemvua viatu papo hapo. Mishipa inayopeleka damu mguuni ilikuwa inaziba kwa mafuta yaliyojikusanya kwenye kuta zake. Msuli uliotulia hutosheka na damu kidogo. Msuli unaotembea hudai nyingi, na isipokuja huuma. Moshi wa sigara huharibu kuta za mishipa hiyo, nikotini huibana, na sukari iliyozidi huharibu mishipa mikubwa na midogo pamoja. Kisha sukari hufanya jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui: huua mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye vidole vya miguu na kupanda juu. Mguu uliokosa damu lakini wenye fahamu hulia. Uliokosa vyote viwili hunyamaza, au hutoa habari za uongo: baridi pasipo baridi, moto pasipo moto, ganzi, sisimizi wanaotembea chini ya ngozi.

Miezi ikapita, na baridi ikamhamia kitandani. Alilala na soksi. Usiku wa manane aliamka mguu unauma, akauteremsha ukaning'inia ubavuni mwa kitanda, akapata nafuu. Nafuu hiyo nayo ilikuwa na maana: damu dhaifu huteremka kwa uzito wake pale moyo unaposhindwa kuisukuma ifike. Ngozi ya muundi ikawa laini na kung'aa, malaika ya vidoleni yakatoweka, kucha zikawa nene na nzito kukua. Yote hayo yalionekana kwa macho, lakini nani humwangalia mzee vidole vya miguu?

Barazani wakamwambia ni baridi yabisi. Mmoja akamletea mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu, mwingine akamtajia mtu anayeumika. Sina ugomvi na mafuta ya simsim. Mkono wa mtu anayekuchua kwa upole ni faraja, na mafuta hulainisha ngozi kavu inayopasuka. Lakini wembe wa kuumika usiguse kamwe mguu wa mwenye sukari, kwani mkato mdogo kwenye nyama isiyopata damu haufungi. Fundi alikubali mafuta, akakataa wembe. Hapo alinusurika bila kujua.

Julai ilipoingia mkewe alianza kumwandalia maji ya moto. Karai la bati, chumvi ya mawe, birika iliyotoka jikoni ikifuka moshi. Usiku mmoja alimimina maji, akatia vidole kuikoroga chumvi, akavitoa mbio na kuvipuliza.

"Ni ya moto mno, baba. Ngoja yapoe."

Mumewe alikuwa ameshatia miguu yote miwili.

"Sisikii kitu, mama. Ongeza."

Akaongeza.

Nawaomba wasomaji wasimame hapa. Mkono umeyakimbia maji, na mguu umekaa ndani ya maji yale yale umetulia. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingewaeleza zaidi ya hapo: mguu ule ulikuwa hausikii tena. Mume na mke waliona kwamba baridi imeingia ndani mno na inataka moto zaidi. Simlaumu bibi huyu. Aliamka usiku kumchemshia mumewe maji, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa mguu wa namna hiyo maji ya moto, jiko la makaa na chupa ya kukandia ni hatari kuliko baridi yenyewe. Na si kuungua tu. Nyama iliyopashwa moto hudai damu zaidi, na kwenye mishipa iliyoziba damu hiyo haipo.

Asubuhi ngozi ya wayo wa kushoto ilikuwa imeinuka malengelenge mawili makubwa. Hayakumuuma, na kwa kuwa hayakumuuma wote wawili wakashukuru. Walipaka dawa ya meno, kama wafanyavyo wengi, wakafunga kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya mteja. Fundi akarudi kibarazani akakanyaga cherehani kutwa nzima kwa wayo uliochubuka. Wiki ya pili alikuwa mjukuu, mtoto wa chuoni, aliyesema waliloona haya wakubwa kulisema: "Babu, mguu wako wanuka."

Hospitalini daktari aliweka vidole viwili juu ya wayo, pale ambapo mtu mzima husikia mapigo ya damu, akasikiliza. Akavipeleka nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Akavipeleka nyuma ya goti. Alipofika kwenye kinena ndipo akapata pigo. Akapima presha ya kifundoni na ya mkononi, akagawanya ya chini kwa ya juu. Kwa mtu mwenye mishipa mizima jibu huwa karibu na 1 au zaidi kidogo, na likishuka chini ya 0.9 mishipa imebana. La fundi halikufika nusu. Siku hizi kuna puto la kupanua mshipa uliobana, na kuna upasuaji wa kuipitisha damu njia nyingine, lakini matibabu hayo huokoa nyama iliyo hai, na ya kwake ilikuwa imeshakufa. Vilikatwa vidole viwili kwanza. Baadaye mguu ukakatwa chini ya goti.

Sasa nisimtie mtu hofu isiyo mahali pake. Si kila mkono baridi ni mwanzo wa safari hiyo. Kuna wasichana wanaokaa chini ya kiyoyozi ofisini kutwa, au wanaoshika barafu ya samaki, ambao vidole vyao hupauka ghafla, vikageuka rangi ya samawati, kisha vikarudi vyekundu vikichoma na kuwasha. Kwenye ngozi yetu nyeusi mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi kuchani na viganjani. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyaeleza mwaka 1862, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Mishipa midogo ya vidole hujibana kupita kiasi ikiguswa na baridi au mtu akishtuka, kisha huachia. Yakianza ujanani, yakishika mikono yote miwili na yasiache vidonda, kwa kawaida hayana madhara makubwa: glavu, sweta kiwiliwili chote kipate joto, na kuacha sigara. Yakianza ukubwani, yakishika mkono mmoja, yakileta vidonda kwenye ncha za vidole au ngozi kukakamaa, hapo yanataka daktari. Na mwenye kumeza dawa za presha au za moyo za aina ya propranolol amwambie daktari wake, maana zinaweza kuleta ubaridi wa mikono na miguu. Asiziache kwa uamuzi wake. Upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyozembea huleta ubaridi pia, na vyote viwili hujulikana kwa kupima damu.

Na hili la vitu vya kutafuna. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani ya jamii ya miraa, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, mabishano yalikuwa juu ya vijana kupotea na wakulima kukosa soko. Mimi naongeza la mishipa. Kilichomo ndani ya miraa na muguka huchochea mwili na kuibana mishipa ya damu, na watafunaji wengi huwasha sigara juu yake, kwa hiyo mishipa inabanwa mara mbili. Tumbaku ya tambuuni na moshi wa shisha (iliyopigwa marufuku nchini Desemba 2017 lakini bado inavutwa) vina nikotini vilevile. Mtu mwenye miguu baridi na shavu linalokaza asipoacha haya, dawa nyingine zote zinapiga mbio nyuma yake bila kumfikia.

Fundi alikuwa na nini mkononi ambacho kingemwokoa? Kwanza alikuwa na udhu. Mara tano kwa siku aliosha miguu mpaka vifundoni, akapitisha kidole kati ya vidole. Mwislamu wa Mji wa Kale ana nafasi ya kukagua nyayo zake ambayo wagonjwa wa nchi nyingi hawana, ila tunaosha bila kutazama. Tazama kila kidole, chini ya wayo, kisigino. Asiyeweza kujikunja atumie kioo, au amwite mjukuu. Kausha kati ya vidole, maana unyevu huotesha ukungu, na ukungu hupasua ngozi. Na ukitoka msikitini adhuhuri, usikanyage peku ua uliopigwa na jua, kwani mguu usiosikia huungua kwenye sakafu kama ulivyoungua karaini.

Kandambili na makubadhi vina ukanda unaopita kati ya vidole na kusugua pale pale kila siku. Mwenye ganzi avae kiatu kilichofunika vidole, chenye nafasi, na akikung'ute kabla hajavaa, kwa kuwa kokoto au sindano (na nyumba ya mshoni haikosi sindano) inaweza kukaa ndani kutwa bila yeye kujua. Soksi nene za pamba ndizo za kupashia miguu joto kitandani. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, au kwa mkono wa mtu mwingine, na yawe ya uvuguvugu.

Tena kuna kutembea, jambo lililomtia hofu fundi na ambalo lingekuwa dawa yake tangu zile siku za Marikiti, wayo ukiwa bado mzima. Daktari akikuruhusu, tembea mpaka shavu lianze kuuma, simama litulie, tembea tena, nusu saa au zaidi, mara tatu au nne kwa wiki. Kwa miezi mishipa midogo ya pembeni hupanuka ikabeba sehemu ya kazi, na umbali wa kwenda bila maumivu huongezeka. Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari, jioni ufuo umepoa na viti vya kupumzikia vipo, ni mahali pa kufaa. Dawa za kushusha mafuta ya damu, na za kuzuia damu kuganda kwa anayezihitaji, huenda sambamba na matembezi hayo. Hazimezwi kwa kuazima kwa jirani.

Kuna hali isiyosubiri kesho. Mguu au mkono ukipoa ghafla, ukauma vikali, ukapauka, ukakataa kusogea, mshipa umeziba na saa zinahesabika. Usiuchue, usiupashe moto, nenda hospitali ile ile saa. Kidole kilichogeuka cheusi, kidonda kinachotoa harufu, malengelenge yasiyouma kwa mwenye sukari: siku hiyo hiyo.

Fundi bado anashona. Wamemfungia mota kwenye cherehani, na mguu wa kulia mkewe huuangalia kila usiku kwa taa ya simu, maana aliyekatwa mguu mmoja kwa maradhi haya yuko hatarini kupoteza na wa pili. Anayempeleka kliniki ni mjukuu yule yule. Na wewe mwenye nyayo baridi, ukifika kwa daktari usiseme una baridi yabisi ukaishia hapo. Mwambie shavu linakaza baada ya hatua ngapi, mwambie usiku unauning'iniza mguu, mwambie sigara ni ngapi kwa siku. Vua viatu na soksi kabla hujaulizwa, na asipokushika juu ya wayo kutafuta mapigo ya damu, muombe akushike.